Chingamu Imeganda Zuliani? Usikimbilie Maji ya Moto

Mama mpenzi, bila shaka jambo hili limekwisha kukupata, na kama bado, jiandae. Wageni wa Jumapili wamekwisha kuaga, vyombo vimeoshwa, nawe unapita sebuleni kuokota mito iliyoachwa chini. Mara mguu unagusa kitu kinachovutika. Unainama na kukiona: donge la rangi ya waridi, bapa kama shilingi, limejishindilia katikati ya zulia. Tena limekwisha kukanyagwa, na si mara moja.

Chingamu! Wengine huiita bigijii, wengine bablish, wengine ubani. Jina lolote utakaloipa, tabia yake ni ile ile. Ukiivuta inarefuka, ukiisugua inatandaa, ukiiacha inakusanya vumbi na kuwa doa jeusi ambalo kila mgeni atalitazama kabla ya kukutazama wewe.

Zulia lile halikuokotwa. Huenda ni fedha za mchezo ulizopokea ilipofika zamu yako, au ni zawadi ya harusi ambayo umeitunza miaka mingi. Ndiyo maana moyo hushtuka, na mkono hukimbilia kitu cha kwanza kilicho karibu: birika la maji ya moto, kisu cha jikoni, au chupa ya mafuta ya taa. Hapo ndipo uharibifu hutokea. Chingamu yenyewe huharibu kidogo sana. Kinachoharibu zulia, mara nyingi, ni haraka yetu katika zile dakika 5 za kwanza.

Katika makala hii tutaangalia chingamu ni kitu gani, namna ya kuiondoa kwenye zulia, makochi na nguo za aina mbalimbali, na pia mambo mawili yaliyo makubwa kuliko zulia: usalama wa watoto wetu, na ujasiri wao wa kutuambia ukweli.

CHINGAMU NI NINI HASA?

Ukimjua adui yako, nusu ya vita umeishinda. Zamani chingamu ilitengenezwa kwa utomvu wa mti uitwao sapodila, unaoota katika misitu ya Mexico, Guatemala na Belize. Mtu mmoja wa New York, Thomas Adams, alijaribu kuugeuza utomvu huo kuwa mpira wa magurudumu. Aliposhindwa, aliutengeneza uwe wa kutafuna, na mwaka 1871 akapewa hataza ya mashine yake. Ile ya kupuliza, yenye rangi ya waridi, ilibuniwa mwaka 1928 huko Philadelphia na mhasibu wa kiwanda aitwaye Walter Diemer. Aliipa rangi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kiwandani siku ile.

Jambo la kuchekesha ni hili: William Wrigley, ambaye jina lake limeenea duniani kwa chingamu, alianza biashara yake mjini Chicago mwaka 1891 kwa kuuza sabuni. Chingamu ilikuja baadaye, ikiwa ni bahashishi ya kuwavutia wateja. Sisi akina mama tungeona afadhali angebaki na sabuni!

Siku hizi chingamu nyingi hutengenezwa kwa malighafi za viwandani zilizo jamaa ya mpira na plastiki. Sukari, rangi na harufu yake huyeyuka mdomoni kwa mate. Kinachobaki ni ule mpira, na mpira huo hauyeyuki kwa maji. Ndiyo maana mtoto anaweza kuutafuna tangu asubuhi hadi jioni usiishe.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, maji matupu hayatafanya kitu. Pili, joto huilainisha chingamu na kuifanya izame zaidi ndani ya nyuzi, kama nta ya mshumaa iliyoachwa juani. Tatu, baridi kali huifanya iwe ngumu na yenye kuvunjika. Mama aliyeelewa mambo haya matatu anaweza kujitafutia njia hata pale ambapo makala hii haikufika.

KABLA HUJAIGUSA

Usiisugue. Kila unaposugua, unaishindilia chini na kuipanua. Kama ilikuwa na ukubwa wa ukucha, itakuwa na ukubwa wa kiganja.

Zuia watu wasipite. Weka kiti au sinia juu ya mahali hapo mpaka uwe tayari. Chingamu iliyokanyagwa mara moja ni rahisi kuliko iliyokanyagwa mara 10.

Ijue nguo au zulia lako. Tazama kibandiko cha nyuma. Je, ni sufu, pamba, hariri, au nyuzi za viwandani kama nailoni na poliesta? Kinachofaa kwa pamba chaweza kuunguza nailoni.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kabla ya kutumia kitu chochote zaidi ya barafu, tia tone moja kwenye pindo la ndani, au pembe ya zulia iliyo nyuma ya kabati. Ngoja dakika 10, kisha gandamiza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, acha, tafuta njia nyingine.

BARAFU NDIYO DAWA YA KWANZA

Vitabu vingi vya usafi wa nyumba hutuambia tutie barafu ndani ya mfuko wa plastiki. Lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2019, kwa hiyo huenda hunao nyumbani. Usihangaike, ziko njia nyingine.

Njia rahisi ni chupa ya maji ya plastiki. Ijaze maji robo tatu, kwa kuwa maji yakiganda hupanuka, kisha igandishe usiku kucha. Ifute unyevu wa nje na uilaze juu ya chingamu.

Njia nyingine, ambayo hufaa hata kwa mama asiye na jokofu, ni sufuria ndogo ya alumini. Nunua barafu kwa muuza samaki au dukani, iponde, itie ndani ya sufuria, kisha ongeza kiganja kimoja cha chumvi na ukoroge. Chumvi huifanya barafu iwe baridi zaidi, na alumini hupitisha baridi hiyo upesi. Hakikisha kitako cha sufuria ni safi na kikavu, wala hakina masizi, usije ukaondoa doa moja na kuleta jingine! Kitako hicho kiweke juu ya chingamu.

Subiri dakika 15 hadi 20. Usiwe na papara. Bonyeza chingamu kwa ukucha: ikiwa bado inabonyea, haijawa tayari. Ikiwa ngumu kama kokoto, anza kazi. Chukua kijiko, au kisu butu cha kupakia siagi, ukwangue taratibu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukianzia katikati utaisukuma nje. Vipande vitavunjika kama ganda la yai. Viokote mara moja, au vifyonze kwa mashine ikiwa unayo, kabla havijapata joto na kuganda upya.

Chingamu ikianza kulainika, simama, rudisha barafu, ngoja tena. Donge kubwa laweza kuhitaji kurudia mara 3 au 4. Mara nyingi barafu peke yake humaliza sehemu kubwa ya kazi, na zulia lako halijaguswa na dawa yoyote.

Ikiwa ni nguo, kazi ni nyepesi zaidi. Ikunje chingamu ikiwa upande wa juu, iweke ndani ya chombo chenye mfuniko, na uitie kwenye friza kwa saa 1 hadi 2. Itoe na uikwangue hapo hapo, isipate nafasi ya kupoteza baridi.

MABAKI YALIYONG'ANG'ANIA

Baada ya barafu, pengine utaona utando mwembamba umebaki katikati ya nyuzi. Hapo chagua mojawapo ya njia hizi.

Siki nyeupe. Pasha moto nusu kikombe, iwe ya uvuguvugu, isichemke. Chovya mswaki wa zamani ulio laini, upitishe kwa upole juu ya utando, kisha gandamiza kwa kitambaa kikavu. Rudia mpaka utoke. Malizia kwa kitambaa chenye maji safi ili harufu iondoke.

Mafuta ya kupikia. Hii ni siri ambayo wengi hawaijui: mpira wa chingamu hauelewani na maji, lakini huelewana na mafuta. Paka mafuta kidogo sana kwa ncha ya kidole, subiri dakika 5, na utando utalegea. Hata siagi ya karanga hufanya kazi hiyo. Lakini mafuta nayo ni doa. Kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, ugandamize mahali pale, kisha ufute kwa maji safi mara mbili. Kama hutaweza kuosha sabuni vizuri, usianze na mafuta.

Spiriti. Ile ya kusafishia vidonda, inayouzwa kwenye maduka ya dawa, hulegeza mabaki haraka. Tia kidogo kwenye pamba au kitambaa, usimwage juu ya zulia. Fungua madirisha, na usiitumie karibu na jiko, mshumaa au kibatari, kwa kuwa inashika moto upesi. Kwenye kanga na vitenge vipya ifanyie majaribio kwanza, maana rangi yaweza kuhama.

Usichanganye dawa hizi. Hasa usichanganye siki na dawa za klorini za kung'arishia nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

KILA KITAMBAA NA TABIA YAKE

Zulia la nailoni na nyuzi nyingine za viwandani. Haya ndiyo mengi majumbani mwetu. Barafu, kisha siki au sabuni, vinatosha. Usipitishe pasi juu yake, kwani nyuzi hizo huyeyuka na hapo hapana dawa tena. Tena angalia upande wa chini: mazulia mengi yameshikwa kwa gundi ya jamii ya mpira. Ukimwaga petroli au mafuta ya taa, gundi hiyo nayo hulegea, na baada ya muda zulia huanza kuachana na mgongo wake na kufanya mawimbi.

Zulia la sufu. Sufu haitaki maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu, maana husinyaa na kushikamana. Usiiguse kwa dawa ya klorini, kwa kuwa klorini huila sufu na hariri kabisa. Tumia barafu kwa subira, kisha siki ya uvuguvugu kwa kugandamiza tu.

Mkeka wa ukindu na busati. Barafu na kijiko vinatosha, ukikwangua kwa kufuata msuko, si kwa kuukata. Usiuloweshe mkeka. Ukilowa, uanike kivulini penye upepo.

Makochi. Kama kitambaa chaweza kuvuliwa, kivue ukitie kwenye friza. Kama hakivuliki, tumia chupa ya barafu. Epuka kulowesha sponji ya ndani, kwa kuwa hukauka polepole na kuleta harufu ya uvundo.

Vitambaa vya kufuma kwa uzi. Usitumie kisu, utakata kitanzi kimoja na kitambaa chote kitafumuka. Kigandishe, kisha uvunjevunje chingamu kwa kukikunja na kukifikicha kati ya vidole.

Sare za shule, kanga, vitenge na nguo nyingine za pamba. Baada ya friza, utando ukibaki, pasi yaweza kukusaidia. Hapa ndipo peke yake joto huwa rafiki. Weka kipande cha boksi au karatasi ya kaki juu ya meza, laza nguo ili upande wenye chingamu uiguse karatasi, kisha pitisha pasi ya vuguvugu upande wa pili. Chingamu italainika na kuhamia kwenye karatasi. Sogeza karatasi kila mara ili ipate mahali safi. Ukitumia pasi ya mkaa, jihadhari na cheche. Halafu fua kama kawaida, lakini hakikisha mabaki yameisha kabla ya kuipiga nguo pasi tena.

Hariri, satini na gauni la harusi. Chingamu hupenda sana viti vya ukumbini na benchi za kanisani, na bibi harusi haketi akichungulia. Kama gauni ni la kukodi, barafu tu, basi! Weka kitambaa chembamba kati ya chupa ya barafu na gauni ili unyevu usiache alama. Usiguse kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwani baadhi ya satini hutengenezwa kwa nyuzi ambazo dawa hiyo huziyeyusha papo hapo. Kinachobaki mpelekee dobi, na umwambie waziwazi kwamba ni chingamu. Dobi asiyejua atapiga pasi.

Viatu. Chingamu ya kwenye soli ndiyo inayoingia ndani na kupanda juu ya zulia. Kiatu kitie kwenye friza kikiwa kimefungwa vizuri, au kisugue kwa kipande cha barafu, kisha ukwangue.

NA IKIWA NI NYWELENI?

Wapo akina mama ambao hukimbilia mkasi. Mkasi uwe wa mwisho kabisa, hasa kwa binti ambaye kesho anakwenda shule na atachekwa. Chukua mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi au siagi ya karanga, paka kwenye chingamu na kwenye nywele zinazoizunguka. Ngoja dakika chache. Kisha vuta chingamu kwa vidole kuelekea kwenye ncha za nywele, polepole, na uchane kwa kitana cha meno mapana. Malizia kwa kuosha kwa sabuni. Kama nywele zimesukwa, fumua msuko mmoja tu wenye chingamu. Kama mtoto ana mzio wa karanga, acha siagi ya karanga kabisa.

MAFUTA YA TAA NA PETROLI: TUSICHEZE

Mama mpenzi, hapa naomba usome polepole. Ni kweli mafuta ya taa hulegeza chingamu, na pengine hata bibi zetu waliyatumia. Lakini hebu tupime gharama.

Petroli isiingie ndani ya nyumba kabisa. Mvuke wake ni mzito, hutambaa sakafuni, na waweza kufuata mwali wa jiko kutoka chumba cha pili. Zulia lililoloweshwa petroli si zulia, ni utambi.

Mafuta ya taa nayo huacha harufu kwa siku nyingi, na doa lake huvuta vumbi. Lakini hatari kubwa ni ile chupa. Mara nyingi huwa ni chupa ya soda au ya maji, imewekwa sakafuni karibu na mahali tunaposafisha, na mtoto wa miaka 2 mwenye kiu haulizi. Unywaji wa mafuta ya taa ni mojawapo ya sababu kubwa za watoto wadogo kupata sumu katika nchi zetu. Mafuta hayo ni mepesi mno, huteleza na kuingia mapafuni, na huko huleta nimonia kali.

Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta kwa nia ya kumtapisha, kwa sababu akitapika mafuta ya taa hupita kooni mara ya pili na kuingia mapafuni kwa urahisi. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi yake, na umpeleke hospitali bila kuchelewa hata kama anaonekana mzima. Chukua ile chupa uende nayo ili mganga ajue alichokunywa.

Kwa hiyo weka mafuta ya taa katika chombo chake chenye mfuniko unaokaza, mahali pa juu penye kufuli. Kamwe usiyatie katika chupa ya kinywaji. Na kwa ajili ya chingamu tu, usiyatoe.

NANI ALIYEFANYA HIVI?

Sasa tumefikia swali ambalo hutoka mdomoni hata kabla barafu haijatafutwa. "Nani aliyefanya hivi?" Sauti imepanda, watoto wamesimama kwa mstari, dada wa kazi anatetemeka mlangoni, na hakuna anayejibu.

Mara nyingi ni dada wa kazi anayebeba lawama, kwa sababu ndiye asiye na wa kumtetea. Kesho yake akiona chingamu nyingine, hatakuja kukuita. Atachukua maji ya moto na kusugua kwa siri kabla hujarudi kazini, na hapo ndipo doa la ukucha litakapokuwa doa la kiganja. Afadhali umwonyeshe leo jinsi ya kutumia barafu, kwa upole, kama ambavyo ungemfundisha mdogo wako.

Mtoto naye hufanya vivyo hivyo. Akichapwa kwa sababu ya chingamu, hajifunzi kutotafuna chingamu. Hujifunza kugeuza mto wa kochi ili doa lielekee chini. Na huenda ukapita mwezi mzima kabla hujaugeuza, doa likiwa limekwisha kukomaa.

Zaidi ya hayo, fikiri mbele kidogo. Mtoto anayeogopa kusema, "Mama, nimeangusha chingamu," atawezaje kusema, "Mama, mdogo wangu amekunywa kitu kwenye ile chupa"? Atawezaje kusema kwamba kuna mtu mzima aliyemshika vibaya njiani? Makosa madogo ndiyo darasa ambamo watoto hujifunza kama mama ni mtu wa kuambiwa au ni mtu wa kufichwa. Zulia litachakaa na kutupwa siku moja, lakini somo hilo ataondoka nalo hadi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Hii haina maana kwamba asiadhibiwe kabisa. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini adhabu ifanane na kosa: mpe kijiko, mketishe karibu nawe, na muikwangue pamoja. Dakika 20 za kungoja barafu ni ndefu sana kwa mtoto wa miaka 7! Atakumbuka kuliko fimbo. Na akija mwenyewe kusema kabla hujaona, mshukuru kwanza, ndipo umpe kijiko.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Si lazima kuipiga chingamu marufuku kama walivyofanya Singapore, ambako kuanzia mwaka 1992 ilikatazwa kuingizwa nchini, na tangu mwaka 2004 huruhusiwa ile ya matibabu tu. Sheria chache za nyumbani zatosha.

Chingamu hutafunwa nje au mezani, si juu ya zulia, si kitandani. Mtoto akilala nayo mdomoni, asubuhi utaikuta kwenye shuka na nyweleni.

Karatasi yake haitupwi mpaka chingamu iishe. Mfundishe mtoto aihifadhi mfukoni, aifungie humo, ndipo aitupe kwenye pipa. Ukikagua mifuko ya sare kabla ya kufua, utaokoa nguo zote za siku hiyo.

Mtoto mdogo asipewe. Chini ya miaka 5 ni rahisi kumkaba koo. Kwa wale wakubwa, ikimezwa kwa bahati mbaya usihofu: haikai tumboni miaka 7 kama wasemavyo watu, bali hutoka na choo baada ya siku chache. Lakini isiwe mazoea, kwa maana kumeza nyingi kwaweza kumfunga choo mtoto.

Chingamu yenye sukari huharibu meno. Kama lazima watafune, tafuta isiyo na sukari, na isichukue nafasi ya mswaki.

Mwisho, andaa kisanduku chako cha madoa, ukiweke mahali ambapo watoto hawafiki: kijiko cha zamani, mswaki laini, vitambaa vyeupe viwili, chupa ndogo ya siki, sabuni ya maji na kipande cha karatasi ya kaki. Kwenye jokofu, au kwa jirani mwenye jokofu, weka chupa moja ya maji iliyoganda. Mwonyeshe kila mtu wa nyumbani kisanduku kilipo na jinsi kinavyotumika, baba akiwemo. Siku chingamu itakapoanguka, hata kama haupo, atakayeiona ajue kwamba kitu cha kwanza ni barafu, na kwamba mama akirudi ataambiwa bila mtu kuogopa.